Mizani Iliyoishia Kilo Mia na Hamsini

Kabla hujashika bisibisi, soma kibati. Kila mizani ina kibati kidogo, ubavuni au chini ya tumbo lake, kilichoandikwa uzito wa juu kabisa inaoweza kubeba. Nimetengeneza mizani miaka thelathini na moja hapa Mwanza, karakana yangu ikiwa Kirumba, na karibu nusu ya mizani nilizoletewa kwa madai kuwa "zimekufa" zilikuwa nzima. Mtu hasomi, anapakia, inagoma, anaita fundi. Ninyi mnaojifunza kazi hii mtakutana na jambo hilo kila wiki.

Nimestaafu mapema kwa sababu magoti yamekataa kuchuchumaa. Mmeniomba niandike ninayoyajua, nami nitayaandika, lakini sehemu kubwa itahusu siku moja tu, na nitaandika kwa hasira. Anayetaka kujua namna ya kubadilisha springi peke yake aruke kurasa hizi. Ningependa asiziruke.

Hospitali moja ya hapa mjini, ambayo siitaji, iliniita asubuhi. "Fundi, njoo haraka, mizani yetu imeuawa." Nilikwenda na mawe yangu manne ya kupimia, ya kilo ishirini kila moja. Mizani ilikuwa ya kisasa, ya betri, yenye kioo cha namba. Niliiweka sawa sakafuni, nikaanza kupima: jiwe moja katikati, kisha pembe zote nne, kisha mawili, matatu, manne. Namba zikaja safi kila mara. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanywa, na msikubali kufupisha kwa sababu mteja amesimama juu ya kichwa chako.

"Sista, mizani nzima hii," nikamwambia muuguzi wa zamu. Jina lake Agripina, mwenyeji wa Bukoba, mtu wa maneno ya haraka.

"Nzima wapi? Imeandika herufi badala ya namba."

"Alipanda nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye benchi. "Mwulize mama yule. Kaiua yeye."

Wauguzi wawili wakacheka. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka, kama watu wanavyocheka wakitaka kumpendeza mwenye dawa. Niligeuka. Kwenye benchi alikaa Mwalimu Kabula, aliyewafundisha watoto wangu wote wawili kusoma walipokuwa darasa la kwanza. Alikuwa ameshika faili mapajani, anasoma tangazo la vyandarua ukutani kana kwamba atapewa mtihani wake.

Niligeuza mizani, nikasoma kibati. Kilo mia na hamsini, mwisho. Mizani ilikuwa imefanya kazi yake. Imepewa zaidi ya kiasi chake, ikasema haiwezi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwalimu alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na kila mwezi alikuwa anavuja damu siku nyingi kuliko zilizobaki. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari kumfanyia. Mtaalamu wa dawa za usingizi alitaka kwanza uzito wake kamili, kwa kuwa dawa zile hupangwa kwa uzito: ukikisia chini mgonjwa anaweza kupata fahamu kisu kikiwa bado tumboni, ukikisia juu anaweza kushindwa kupumua. Mtaalamu huyo simlaumu. Mimi mwenyewe nisingekubali kukisia.

Agripina akasema, "Sasa mama, hapa hatuna kipimo chako. Nenda mwaloni wakakupime kwenye mizani ya samaki, utuletee namba."

Alisema kama mtu anayekutuma ukatoe nakala ya kadi. Na hapa ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa sababu nililiona wazo zuri. Kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya mji, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kulikuwa na mizani ya jukwaa ya kilo mia tano. Niliihudumia mimi, wiki mbili kabla. Nilijua haikosei hata nusu kilo.

"Mwalimu," nikasema, "naifahamu mizani moja nzuri sana. Nitakupeleka mwenyewe."

Akafunga faili lake. "Fundi, huko kuna watu wengi?"

"Saa hizi wachache," nilijibu. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo mitumbwi imeshaingia na mwalo umejaa. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Sikuwa nawaza watu. Nilikuwa nawaza kama jukwaa bado limelala sawa.

Nieleze kwanza nilifundishwa na nani. Mzee Magafu alikuwa Mkerewe, mfupi, mkali, aliyeweza kusikia kwa sikio kama kisu cha mizani ya chuma, yale makali yanayobeba uzito, kimelika. Alinikalisha siku nne nikijifunza kuweka jukwaa sawa tu, kwa bakuli la maji, kabla hajaniruhusu kugusa kitu kingine. Msimu wangu wa kwanza wa pamba Magu, niliweka sifuri asubuhi huku bakuli langu la viazi vitamu likiwa juu ya jukwaa. Kilo mbili na kidogo. Viazi vikiwa pale, vipimo vilikuwa sahihi. Saa tano nikashikwa njaa, nikalishusha bakuli, nikala. Kuanzia hapo kila mkulima akawa anapungukiwa kilo mbili kila mzigo, na mimi nimeshiba, naandika kwa mwandiko mzuri.

Mama mmoja alipima robota lake mara mbili, akasimama mikono kiunoni. "Kijana, umekula viazi vyako au umekula pamba yangu?"

Mzee Magafu hakunipiga. Alinifanya nipime upya mizigo yote iliyopita tangu saa tano, nikiibeba mwenyewe, mbele ya wenyewe, nikiomba radhi kwa kila mmoja. Tulimaliza jua likizama. Baada ya hapo niliamini kwamba hakuna kosa la mizani lisilorekebishika, maadamu mzigo bado upo na unaweza kupimwa tena. Mzee alinifundisha chuma chote. Kuhusu mtu anayesimama juu ya chuma hakuniambia kitu, na mimi sikuuliza.

Tulifika mwaloni. Nilifanya kazi yangu kama ninavyowafundisha ninyi. Niliosha jukwaa, maana lilikuwa na utelezi na magamba. Nikatandika gunia safi. Nikaweka bakuli la maji, nikarekebisha mguu mmoja kwa kipande cha bati. Nikaweka sifuri. Nikajaribu kwa mawe yangu. Ilichukua dakika kumi, na kwa dakika hizo kumi Mwalimu alisimama pembeni na kitenge chake kizuri na mkoba wake, na watu wakaanza kujikusanya, kwa sababu fundi akiinama watu hupenda kuona anatengeneza nini.

"Fundi, leo unapima nini?"

"Sangara wa leo kavaa kitenge!"

"Mama, unauzwa kwa kilo au kwa jumla?"

"Leteni barafu, jamani, jua kali hili!"

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikamwambia, "Panda, Mwalimu, simama katikati, usishike kitu." Alipanda. Nilikuwa nimeinama, jicho kwenye namba.

Sasa sikilizeni desturi ya mwaloni. Mpimaji wa pale akiona uzito huutaja kwa sauti kubwa, na karani aliyekaa na daftari huurudia kwa sauti kubwa vilevile, ili mvuvi na mnunuzi wote wasikie na asiwepo wa kuibiwa. Ni desturi ya haki. Nimeisifu miaka mingi. Mpimaji alikuwa amesimama nyuma yangu, na mdomo wake umezoea.

"Mia moja sitini na tatu!"

"Mia moja sitini na tatu!" karani akaitikia.

Mwalo mzima ukalipuka. Mtu mmoja alikuwa ameinua simu, anarekodi.

Mwalimu Kabula alishuka polepole, mguu mmoja kwanza, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushika. Nilikuwa nimeshaandika namba kwenye karatasi, 163.0, kwa kalamu nyeusi, na kuweka sahihi yangu. Akaichukua, akaikunja mara mbili. "Asante, fundi." Akaenda barabarani peke yake. Nami, na hili ndilo linaloniuma hadi leo ninapoandika, nilikuwa nimeridhika. Nilikuwa nimeridhika na ile sifuri baada ya nukta.

Baada ya siku mbili mke wangu alinisogezea simu. "Baba Doto, huyu si mwalimu wa watoto?" Video ilikuwa imezunguka makundi yote. Mikono yangu inaonekana wazi, inapangusa jukwaa. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa unafanya nini pale?"

Nilisubiri kusikia kwamba upasuaji umefanyika. Mwezi ukapita. Hospitalini wakaniambia hakurudi. Ndipo nikaenda nyumbani kwake, Nyegezi. Mumewe, dereva wa lori, hakuwepo. Mwalimu mwenyewe alinipokea kwa adabu zote, akaniletea kiti, akaniletea maji. Uso wake ulikuwa umepauka kama karatasi.

"Mwalimu, damu hiyo itakumaliza. Rudi hospitali. Namba unayo."

"Namba wanayo wote, fundi. Hata wanafunzi wangu wa darasa la pili wanayo. Wanaiandika kwenye dawati."

Akaendelea, kwa sauti yake ya darasani, ile ya kueleza jambo mara ya tatu kwa mtoto asiyeelewa.

"Wewe unadhani sijawahi kujaribu? Nilijinyima mwaka mzima. Nilikuwa natembea kwa miguu kwenda shule na kurudi. Nikapungua kilo kumi na nane. Unajua nilichovuna? Mwalimu mwenzangu akaniuliza pembeni kama nimeshaanza dawa. Mama mkwe akalia, akasema mwanangu ameshaletewa ngoma nyumbani. Kanisani wakaniombea, mikono juu ya kichwa changu. Na njaa, fundi. Njaa ambayo sikuwahi kuijua nilipokuwa mnene. Usiku naota wali. Mwili ukarudi, ukaongeza na nyingine juu. Watu wakafurahi, wakasema sasa umenawiri. Nikikonda nazikwa, nikinenepa nachekwa. Niambie wewe mwenye mizani, nisimame wapi?"

Vijana, ninyi mmezaliwa baadaye, kwa hiyo labda hamjui. Kando ya ziwa hili, UKIMWI ulipoingia, tulizika watu wengi sana waliokonda kwanza. Tulijifunza kuogopa mfupa unaoonekana. Mtu akinenepa tukashukuru, tukamwita mwenye afya, tukamwongezea nyama kwenye sahani. Woga ule ulikuwa na sababu yake. Lakini ugonjwa mwingine ulikuwa unakua kwenye macho yetu, tukiupongeza kwa maneno hayo ya kheri, na siku unapofika hospitalini tunaugeuza kichekesho.

Nilirudi karakana, nikaanza kusoma. Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kutoka kwenye vijitabu vya mizani, neno kwa neno, na kamusi. Nilisoma hivyohivyo, nikimsumbua tabibu mmoja jirani yangu anayeniazima vitabu. Ilinichukua miezi. Haya ndiyo niliyoyaelewa, nayaandika kwa lugha ya kazi yetu.

Unene uliopita kiasi ni ugonjwa. Una sababu zake, madhara yake na matibabu yake, kama shinikizo la damu na kisukari. Mwili una sifuri yake. Ikishasogea juu, mwili huichukua hiyo mpya kuwa ndiyo sahihi. Ukipungua, mwili unahesabu kwamba kuna hitilafu: unaongeza njaa, unapunguza matumizi ya nguvu, unavuta mpaka urudi pale. Ndiyo ile njaa ya Mwalimu. Kinachoisogeza sifuri ni mambo mengi pamoja: damu ya ukoo, kukosa usingizi, mawazo, baadhi ya dawa, kazi ya kukaa, na vyakula vya mafuta na sukari vilivyo rahisi kupatikana kuliko matunda. Sisemi chakula hakihusiki. Nasema anayesema "aache kula tu" ni sawa na anayegonga mizani kwa ngumi ili iweke sifuri. Mafuta yakizidi hayakai kimya, yanavuruga sukari, presha, magoti, moyo, hata pumzi ya usingizini. Na mgonjwa anahitaji kufuatiliwa kwa miaka: ushauri wa chakula, mazoezi anayoyaweza, dawa kwa wengine, upasuaji kwa wachache, na mtu wa kumsikiliza. Kicheko hakimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Lakini matapeli wapo. Kipindi hichohicho alinijia muuza majani ya chai ya kupunguza mwili, wa kule stendi ya Nyegezi, mwenye kipaza sauti na mizani yake ya kupimia wapita njia.

"Fundi wangu, nataka uniwekee kaswichi hapa. Mteja akija mara ya kwanza isome kawaida. Akirudi baada ya wiki mbili nabonyeza, inampunguzia kilo tatu."

"Na yeye mwenyewe atakuwa amepungua?"

"Atakuwa na furaha, fundi! Furaha nayo si ni dawa?"

Nilimfukuza na mizani yake. Nilisikia kwamba alimpata fundi mwingine. Kama fundi huyo anasoma hapa, namwambia ana kazi ya kishenzi.

Nikaenda kwa mganga mkuu wa ile hospitali, nikamwomba mizani ya watu wazito na chumba cha kupimia. Alikuwa na soda mezani. "Fundi, ugonjwa gani huo wa kula? Wapo wangapi? Wapunguze, mizani iliyopo itawatosha."

"Daktari, mgonjwa wa presha ukishindwa kumpima unampeleka sokoni?"

"Unanifundisha kazi?"

"Kazi ya mizani, ndiyo."

Tulipandishiana sauti mpaka watu wakachungulia. Nilipotoka nikamkuta Agripina kwenye korido, nikamwagia na yeye hasira yangu yote, kwamba yeye ndiye aliyemtuma mgonjwa kwenye mizani ya samaki. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ni kweli, nilimtuma. Nani alimpeleka?"

Kesho yake alikuja karakana kwangu, na sare yake, akauliza mizani ya namna hiyo inatakiwa kuwaje.

Niliijenga kutokana na mizani chakavu ya pamba iliyotelekezwa Magu. Andikeni vipimo hivi, mtavihitaji. Mwisho wake kilo mia tatu. Jukwaa pana, mtu mpana asimame bila kubana miguu. Kimo chake kutoka sakafuni kisizidi upana wa kiganja, maana magoti yanauma. Vyuma vya kushika pande zote mbili, vilivyochomelewa kwenye jukwaa lenyewe na si kwenye sakafu, la sivyo mtu akishika namba inaharibika. Kioo cha namba kiwe mwisho wa waya wa mita mbili, kimgeukie muuguzi peke yake. Agripina ndiye aliyemshinda mganga mkuu, sijui kwa maneno gani. Yeye ndiye aliyeweka sharti kwamba namba haitamkwi, inaandikwa.

Mwalimu Kabula alianguka darasani akiandika ubaoni. Ilikuwa miezi minane tangu mwaloni. Walimleta hana damu, wakamwongeza chupa mbili, kisha nyingine. Alipopata nguvu ya kusimama, mtaalamu wa usingizi aliomba tena uzito, kwa sababu ule wa zamani haukufaa tena.

Siku hiyo nilikuwa pale kwa ukaguzi wa mwezi, nimepiga magoti na mawe yangu. Agripina akamwingiza na kiti cha magurudumu.

"Fundi," Mwalimu akasema. "Na wewe upo."

"Nipo, Mwalimu. Mizani hii ni…"

"Naiona." Aliiangalia, akavigusa vyuma vya kushikia, kimoja kimoja. "Inaishia ngapi?"

"Mia tatu."

"Haya. Sasa toka nje."

Nilitoka, nimebeba jiwe moja mkononi, mengine nimeyaacha. Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine. Hakuna sauti iliyotoka mle ndani. Namba ile siijui hadi leo. Mtaalamu wa usingizi aliijua, na kesho yake mchana Mwalimu alizinduka baada ya upasuaji, akaomba maji.

Chumba kile tulichompimia kipo hatua sita kutoka kwenye benchi alilokaa siku ile ya kwanza. Kilikuwa na kitanda kibovu na maboksi ya mafaili ya zamani. Kutoa vitu vyote hivyo, mimi na mlinzi wa geti, tulitumia nusu saa. Mwalimu alivuja damu miezi minane.